Lawama Humwangukia Aliye Kaunta

Ukitoka Posta kwa miguu kuelekea Kariakoo, jijini Dar es Salaam, unapita kwanza mitaa ya maghorofa ya zamani yenye roshani nyembamba, majina ya familia za Kihindi na mwaka wa ujenzi vikiwa vimechongwa juu ya milango. Kisha nyumba zinakatika ghafla na unatokea Mnazi Mmoja, uwanja wa miti na njia za miguu. Ng'ambo yake ndiyo Kariakoo. Wengi hudhani uwanja ule ni bustani iliyosalia kwa bahati, lakini uliachwa kwa makusudi. Wajerumani, katika kanuni zao za ujenzi za mwaka 1914, waliugawa mji katika kanda tatu, na Waingereza walipoutwaa waliuendeleza mgawo huo kwa lugha ya kuficha zaidi: badala ya kuandika Mzungu, Mhindi na Mwafrika, waliandika aina ya nyumba. Kanda ya kwanza nyumba za viwango vya Ulaya, ya pili maduka na makazi pamoja, ya tatu nyumba za wenyeji. Kati ya ya pili na ya tatu ukabaki ukanda mtupu, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia maradhi yasivuke. Maradhi ya nani, yasivuke kwenda kwa nani, kila mtu mjini alielewa.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wetu wa rangi, mali na lawama umegeuka kuwa mjadala wa tabia za watu. Vijiweni, kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi na siku hizi kwenye simu, maneno ni yaleyale. Huyu anasema Wahindi wabinafsi, wanavuna hapa na kuficha London. Yule, mara nyingi kwa sauti ya chini na mbele ya watu wake tu, anasema Waafrika hawajui kuweka akiba, babu zetu walikuja na jahazi mikono mitupu wakajenga wenyewe. Zote mbili ni hadithi za damu, na zote mbili zinamwacha nje mtu aliyeuchora mji.

Chukua suala la mkopo. Duka halijawahi kuendeshwa kwa fedha taslimu peke yake. Linaendeshwa kwa mali kauli. Mwenye duka la kijijini alichukua vitambaa, chumvi, majembe na mafuta ya taa kwa mwenye duka la jumla mjini, huyo akachukua kwa mwagizaji wa bandarini, na mwagizaji akapewa muda na benki. Kila mmoja alilipa baada ya kuuza. Lakini Tanganyika ya Waingereza ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: deni la Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila kibali cha maandishi cha serikali. Kenya nayo ilikuwa na sheria ya aina hiyo. Serikali ilisema inamlinda mwenyeji asizame kwenye madeni. Matokeo yake hakuna mwenye akili timamu aliyempa mali kauli, kwa kuwa asingeweza kumdai. Mhindi alipewa, kwanza kwa udugu na dhamana ya jamaa zake wa msikitini, hekaluni au jamatini, na pili kwa sababu mlango wa mahakama ulikuwa wazi kwa deni lake. Mwafrika mwenye bidii ileile na hesabu zilezile alibaki na mtaji wa mfukoni.

Huo ndio upendeleo. Wala haukuishia dukani. Shule zilikuwa za Wazungu, za Waasia na za Waafrika hadi zilipounganishwa tarehe 1 Januari 1962, na fedha za kila mwanafunzi zilifuata mpangilio huo kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo kijana wa Kihindi anayesema babu yake alifika bila kitu anasema kweli, ila ameikata hadithi katikati. Babu alifika bila kitu akakuta mahali alipotengewa. Jirani yake Mwafrika alikuwa na kitu, ardhi na ng'ombe, akakuta sheria imefunga njia ya kukigeuza kuwa mtaji.

Na Mhindi mwenyewe alifungiwa njia nyingine. Nyanda za juu za Kenya zilitengwa kwa walowezi wa Kizungu. Mhindi mwenye fedha za kununua shamba hakuruhusiwa kumilikishwa huko. Vyeo vya juu serikalini vilikuwa vya Wazungu. Zikabaki biashara, ufundi na ukarani. Watu wakasukumwa kupita tundu moja, kisha vizazi viwili baadaye wakaambiwa kwamba kupenda biashara kumo kwenye damu yao.

Nisingependa msomaji afikiri ninamsafishia mtu. Dharau ilikuwepo, na bado ipo. Watu waliofanya kazi za ndani katika nyumba za Uhindini wanajua habari ya kikombe kimoja kilichowekwa kando, kisichochanganywa na vyombo vya nyumba, chai ya mpishi ikimiminwa humo miaka nenda miaka rudi. Hakuna sheria ya Mwingereza iliyoamuru kikombe hicho. Familia ndiyo iliyokiweka rafuni, na mtu aliyekinywea hahitaji kuelezwa na mtaalamu yeyote kwamba alidharauliwa. Kuieleza historia ya kanda tatu hakufuti deni hilo.

Hata hivyo, pana tofauti kubwa kati ya kumdai mtu kwa alilotenda na kumdai kwa ngozi yake, na sijui mahali panapoionyesha vizuri zaidi kuliko mizani ya pamba ya Usukumani.

Msimu ukifika, mkulima alibeba mzigo wake kichwani au kwenye baiskeli mpaka kwa mnunuzi mwenye leseni, ambaye karibu daima alikuwa Mhindi. Mzigo unatundikwa. Karani anasoma uzito. Mkulima asiyejua kusoma hawezi kuuhakiki, na hata anayejua hayuko upande unaoonekana namba. Kidole kinaweza kugusa mnyororo, jiwe la mizani linaweza kuwa limechezewa, ratili kadhaa zikaachwa kwa kisingizio kwamba pamba ina unyevu au uchafu. Halafu fedha zinahesabiwa haraka, foleni ni ndefu, na mwenye kubisha anaambiwa aubebe mzigo wake arudi nao alikotoka. Malalamiko hayo hayakuwa uzushi wa wachochezi. Yalirudiwa kila msimu, kijiji baada ya kijiji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wa kusimama kando ya mizani na kuhakiki uzito. Kijana wa Mwanza, Paul Bomani, akawa miongoni mwa waliowaunganisha; kikazaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa jina la Victoria. Kufikia uhuru lilikuwa likinunua karibu pamba yote ya kanda ile na kumiliki vinu vya kuchambulia. Katika historia yetu nalihesabu jambo hilo kuwa kubwa kuliko hotuba nyingi. Watu wengi walioibiwa na mtu wa rangi fulani walikaa chini wakabaini kwamba kilichowaibia kilikuwa mizani isiyokaguliwa. Hawakuvunja duka la mtu. Walinunua mizani yao.

Kulikuwa pia na kipunjo ambacho mizani haikukionyesha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na miaka kadhaa iliyofuata, serikali ya Uingereza ilinunua pamba ya makoloni yake kwa bei iliyopangwa, chini ya bei ya soko la dunia. Mkulima wa Kwimba aliyepunjwa ratili tano na karani alimjua karani huyo kwa sura na kwa jina. Mkono uliompunja kutoka Ulaya hakuwahi kuuona, na hata leo, wazee wakisimulia habari za pamba, hadithi huwa ya karani.

Yaliyofuata tunayasimulia mara chache zaidi. Mhindi aliondoka kwenye mizani, akasimama karani wa ushirika, Mwafrika, pengine mtoto wa jirani. Malalamiko ya uzito na malipo yakaendelea. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Ikakuta wizi, kupendeleana na usimamizi mbovu, na shirikisho la Victoria likawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Mkulima alikuwa ameibiwa vilevile. Tofauti ni kwamba safari hii hapakuwa na tusi la ngozi la kumtupia mwizi, na mtu asiye na tusi rahisi ndani ya kinywa chake huchelewa sana kusema kwamba ameibiwa.

Zanzibar, katika miaka hiyohiyo, lawama ilikwenda njia nyingine, na ilidai damu. Kinyongo kilikuwa na msingi: ardhi bora ya mikarafuu ilikuwa mikononi mwa wachache, na katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura kikaambulia viti 13 kati ya 31. Lakini tazama nani aliyeuawa. Katika ghasia za Juni 1961 walikufa watu 68, na wengi wao walikuwa Wamanga, Waarabu maskini kutoka Oman waliokuwa na vibanda vya kuuzia unga, sigara na mafuta ya taa mashambani. Mwenye mikarafuu alikuwa na nyumba mjini. Mmanga alilala nyuma ya kibanda chake, katikati ya wateja wake, kwa hiyo yeye ndiye aliyefikiwa. Januari 1964, baada ya Mapinduzi, wakauawa tena, safari hii wengi mno. Na lawama ikishapewa rangi haijui pa kukoma: mwaka 1970 wasichana wa Kizanzibari wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, kwa hoja kwamba zamani mabinti wa Kiafrika walifanywa masuria. Wasichana wale hawakuwa wamezaliwa zama hizo.

Bara, kulikuwa na watu waliotaka njia hiyohiyo, na ni vizuri kukumbuka walikuwa wengi kiasi gani. Januari 1958, kwenye mkutano wa TANU wa Tabora, swali lilikuwa kama chama kikubali uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa karibu watu milioni tisa. Waasia na Wazungu kwa pamoja hawakufika laki mbili. Mpango ulikuwa wa dhuluma waziwazi. Nyerere alishawishi mkutano uukubali ili chama kishinde viti vyote vitatu, na Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake cha Afrika kwa Waafrika. Ikawa Sophia Mustafa, Derek Bryceson na Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, wakaingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kuungwa mkono na TANU.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, hoja ilirudi kwa ukali zaidi. Muswada wa uraia ulikuwa mezani na baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza, wengine wasubiri. Nyerere alisimama kwa hasira ambayo wachache walikuwa wameiona, akawalinganisha wenye hoja hiyo na Wanazi wa Hitler, akasema serikali yake itajiuzulu ikiwa muswada hautapita. Ulipita. Nauona ujasiri huo kuwa mkubwa kuliko ule wa kumkabili Mwingereza, kwa sababu kumkabili Mwingereza kulimpatia makofi ya watu wake mwenyewe.

Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mabenki, alilazimika kuandika gazetini kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviendi pamoja. Watu walikuwa wameanza kushangilia kana kwamba ni Wahindi na Wazungu waliotaifishwa. Alitaka waelewe kwamba kilichotaifishwa ni umilikaji.

Mtihani mgumu wa fikra hiyo ulikuja Aprili 1971, na juu yake watu waadilifu wanatofautiana mpaka leo. Sheria ya kutwaa majengo haikumtaja Mhindi popote. Kigezo kilikuwa jengo la kupangisha lenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Majengo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Lililokuwa limetimiza miaka kumi halikulipwa fidia, kwa hoja kwamba mwenyewe alikwishavuna gharama zake kwa kodi za wapangaji. Kwa maandishi, ilikuwa sheria ya mali. Kwa matokeo, karibu kila aliyepoteza jengo alikuwa Mwasia. Angekuwa nani mwingine? Kanda tatu zilikuwa zimekwisha kuamua, zaidi ya nusu karne kabla, nani ajenge ghorofa la kupangisha na nani ajenge kibanda cha udongo.

Wapo wanaosema matokeo hayo yanathibitisha kwamba sheria ilikuwa ya kibaguzi iliyovaa kanzu ya ujamaa. Sikubaliani nao. Mali iliyogawanywa kwa rangi haiwezi kuguswa bila kugusa rangi, na anayesubiri sheria ya mali itakayoumiza rangi zote sawasawa anasubiri mali ambayo tayari imegawanyika sawasawa. Lakini pia sikubaliani na wanaosema hapakuwa na dhuluma. Kulikuwa na familia zenye mitaa mizima, na kulikuwa na mjane ambaye ghorofa moja la Upanga, vyumba vichache vya wapangaji, lilikuwa ndiyo pensheni yake, kwa sababu mwenye duka hakuwa na pensheni nyingine duniani. Kuwaweka wote wawili kapu moja, kisha kumnyima fidia mjane kwa kuwa jengo lake lilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, kulikuwa uzembe wa watunga sheria waliojua kabisa kwamba mjane huyo hana wa kumtetea. Maelfu waliondoka miaka iliyofuata, wengi kwenda Kanada na Uingereza. Wengine walibaki humohumo, wapangaji wa serikali katika vyumba walivyovijenga.

Ukitaka kuona thamani ya kigezo cha mali hata kilipotumiwa vibaya, vuka mpaka. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda. Muda ukawa siku 90. Amri ilianza na wenye pasi za kigeni ikawafikia mpaka raia ambao karatasi zao zilikataliwa kaunta. Zaidi ya watu 50,000 wakaondoka na masanduku yao. Nyerere aliulaani uamuzi ule hadharani, akauita ubaguzi wa rangi, wakati viongozi wengi wa bara hili walinyamaza. Maduka, viwanda na nyumba zikagawiwa maofisa wa jeshi na watu wao, ambao wananchi waliwapa jina la mafuta mingi. Sukari ikaadimika katika nchi yenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na magendo ndiyo yakawa biashara. Mkulima wa Busoga, ambaye kwa jina lake yote yalifanyika, hakupewa hata kibanda.

Kenya ilipita njia ya karatasi: sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 na vibali vya kazi kwa wasio raia. Maelfu wakaondoka mapema mwaka 1968 wakiwa na pasi za Uingereza, na Bunge la London, kwa siku tatu tu, likapitisha sheria ya kuwafungia mlango wenye pasi za nchi hiyohiyo kwa sababu wazazi na babu zao hawakuzaliwa huko. Hapo nani alimbagua nani? Leseni zilizoachwa Nairobi zilikwenda kwa waliokuwa karibu na wakubwa, kama yalivyokwenda mashamba mengi ya walowezi. Josiah Mwangi Kariuki alipothubutu kusema kwamba Kenya inageuka nchi ya mamilionea kumi na mamilioni ya ombaomba, hakuwa anawasema Wahindi, na kila mtu alijua anawasema akina nani. Aliuawa Machi 1975.

Makhan Singh naye hatajwi sana vijiweni. Mhindi huyu wa Nairobi, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani mwaka 1950, kwenye mkutano wa Kaloleni, wakati wanasiasa wengi bado walikuwa wanaomba viti vya ziada barazani. Waingereza wakamtia kizuizini mwaka huohuo, wakamwachia Oktoba 1961. Pio Gama Pinto, Mgoa, alikwenda kizuizini pia, akatoka akaendelea kudai ardhi kwa wasio na ardhi, na akapigwa risasi Nairobi Februari 1965, katika Kenya huru. Ukiwapanga watu kwa ngozi, hawa wawili watakaa safu moja na wenye viwanda waliowapinga. Wao wenyewe walichagua kukaa safu ya kuli na mkulima.

Yote haya yangekuwa historia tu kama hayangerudi. Yalirudi Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 1990, soko huria lilipofunguliwa na baadhi ya wafanyabiashara wa Kiasia wakawa wa kwanza kunufaika, wakiwa bado na mtaji na jamaa za ng'ambo. Mchungaji Christopher Mtikila akajaza viwanja kwa hotuba dhidi ya aliowaita magabacholi, na mawe yakarushwa kwenye magari na maduka. Baadaye Iddi Simba, aliyewahi kuwa waziri wa viwanda na biashara, akaipa hoja ile sura ya sera kwa jina la uzawa. Bunge, mwaka 2004, likapitisha sheria ya uwezeshaji wa wananchi kiuchumi. Neno la asili ya mtu liliachwa nje, likabaki neno la uraia. Naamini hiyo ilikuwa busara, na haikuja yenyewe, ilipiganiwa.

Kisha ukaja msitu wa Mabira. Mwaka 2007 serikali ya Uganda ilitaka kukata hekta 7,100 za msitu huo na kuikabidhi kampuni ya sukari ya familia ya Mehta, kule Lugazi, ipande miwa. Wananchi walikataa, na walikuwa na haki ya kukataa: msitu ulikuwa wao, vyanzo vya maji vilikuwa vyao. Aprili mwaka huo waliandamana Kampala. Katikati ya maandamano kundi likamkamata kijana wa Kihindi aliyekuwa akipita na pikipiki na kumpiga mawe mpaka akafa. Hakuwa wa familia ya Mehta. Hakuwa na hekta hata moja. Serikali iliyotaka kuutoa msitu ilikuwa ya Waganda weusi waliochaguliwa na Waganda weusi, na siku ile hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye pikipiki barabarani. Miezi michache baadaye mpango ukawekwa kando. Hoja ya msitu ilikuwa na nguvu ya kutosha kushinda bila maiti ile.

Nayakumbusha haya kwa sababu tumeingia tena katika msimu wa lawama. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15: rejareja na jumla, ukiondoa maduka makubwa, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji watalii, uchimbaji mdogo wa madini, ununuzi wa mazao shambani na nyinginezo. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wakilalamika muda mrefu kwamba mwagizaji wa Kichina ndiye pia muuzaji wa kipande kimoja kimoja, kwa bei ambayo mwenye fremu hawezi kuifikia. Malalamiko hayo ni ya haki, kama yale ya mizani. Anayeshusha kontena, kuuza jumla na kuuza rejareja anawameza wote walio katikati.

Kigezo cha amri hiyo ni uraia, na raia atakayemsaidia mgeni kuikwepa ana adhabu yake. Hilo ni muhimu sana, na linaweza kuharibika mitaani kwa siku moja. Mkaguzi anayeingia dukani akamwomba kitambulisho mwenye duka mwenye ngozi nyeupe na kumpita mwenye ngozi nyeusi amekwisha kuigeuza sheria ya uraia kuwa sheria ya rangi. Kuna Watanzania wa asili ya Kihindi, Kiarabu na Kichina ambao kizazi cha nne chao kimezaliwa hapa. Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 mwaka 2017, jambo ambalo baadhi yao walilifurahia na wengine wakauliza kwa nini uraia haukutosha.

Swali langu kwa Kariakoo ni la mizani ileile. Mgeni akishaondoka kwenye fremu, fremu inakwenda kwa nani? Kodi inatakiwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima, na juu yake kuna kilemba cha kumlipa anayetoka. Machinga anayepanga viatu kibarazani chini ya fremu hiyo hana mtaji huo, na wakala wa fedha kwa simu mwenye mwavuli na meza hana. Anao mtu mwenye jengo lingine upande wa pili wa barabara, raia kamili, jina la kwetu, pengine kiongozi. Atachukua fremu, ataongeza kodi, ataagiza kontena lake Guangzhou, na bei kibarazani itabaki pale ilipokuwa.

Wizara inayosimamia leseni inaweza kuanza na jambo moja: kuwatangaza, mtaa kwa mtaa, wanaopewa leseni na fremu zinazoachwa na wageni, pamoja na majina ya wamiliki wa majengo na kodi wanazotoza. Wakulima wa Usukumani walidai kitu kidogo kuliko hicho mwaka 1952, wasome wenyewe namba ya mizani, na wakakipata.